Duka la Kumtuma Mtoto

Ukihamia mtaa mgeni Dar es Salaam ukataka kujua duka lipi lina wateja wa kudumu, usihangaike kuhesabu bidhaa zilizopangwa ndani. Kaa barazani jioni, saa ambazo kina mama wanabandika chakula cha usiku, utazame watoto wanatumwa wapi. Utamwona mtoto wa miaka sita kashika chupa tupu mkono huu, noti ya elfu tano mkono huu. Anapita duka la kwanza. Anapita la pili, lenye taa nyingi na friji jipya. Anakwenda kusimama kwenye dirisha la duka la tatu, ambalo kaunta yake imempita kimo, anagonga nondo kwa chupa yake: "Mangi, mama kasema mafuta ya elfu moja, unga nusu, na kiberiti."

Aliye ndani anamjua mtoto huyo kwa sauti. Anajua kwao wanakula dona au sembe, kwa hiyo hamuulizi. Anapima mafuta, anakaza kifuniko, anaifuta chupa kwa kitambaa isije ikamteleza mtoto. Chenji haiweki mkononi mwake, kwa sababu itadondoka kabla hajafika kona. Anaifunga kwenye kipande cha gazeti, anaitumbukiza ndani ya mfuko wa unga, kisha anamwambia taratibu: "Mwambie mama chenji imo kwenye unga. Haya, pita pembeni, usikimbie." Mtoto hawezi kubishana na mzani, wala hawezi kuhesabu sarafu za mia mbili mbele ya mtu mzima akamwambia hazijatimia. Mama akimtuma, ametuma na imani yake yote. Ikitimia leo na kesho, huyo ni mteja wa miaka.

Mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Baba yangu mdogo alikuwa na duka Tandika, wilayani Temeke, na miaka yote ya sekondari nilimsaidia kuuza baada ya masomo na wakati wa likizo. Sisi ni Wapare wa Usangi, lakini Tandika nzima walimwita Mangi kama wanavyoitwa wauza duka wengi wa jiji hili, naye aliitika. Niliyoyaona pale ndiyo yananifanya nisiridhike na maelezo tunayopewa kila siku, eti watu wanarudi kwenye maduka ya mtaani kwa sababu yako karibu, au kwa sababu muuzaji ana kauli nzuri. Duka lililo karibu zaidi na mlango wa mtu mara nyingi silo analonunua. Kauli nzuri hata tapeli anayo. Kwa ninavyoelewa mimi, mwenye duka ndiye anayeanza kumwamini mteja, na mteja anamlipa kwa kurudi. Duka linalosubiri mteja awe mwaminifu kwanza litasubiri sana.

Imani hiyo inaanzia kwenye kupima. Wakazi wengi wa mitaa yetu hawapokei mshahara mwisho wa mwezi. Kuna fundi anayelipwa akimaliza ukuta, dereva wa bodaboda anayehesabu siku yake usiku, mama lishe anayejua jioni kama kuna faida au hakuna. Pesa ikija kidogo kidogo, na matumizi yanatoka kidogo kidogo: sukari robo, kipande cha sabuni ya mche, nusu mkate, panadol mbili, pampasi moja ya mtoto. Kwa muuzaji hii ni kazi ngumu. Lazima afungue gunia, afungue pakiti, akate, apime, amwage kidogo, apoteze dakika tano kwa faida ya shilingi hamsini. Zamani mafuta tuliyafunga kwenye vifuko vidogo vya nailoni, na vidole vilinuka mafuta mpaka ukilala. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mteja anakuja na chupa yake.

Lazima nikiri hapa kwamba anayenunua kwa kupima analipa zaidi. Ukijumlisha mafuta ya elfu moja moja kwa mwezi, utakuta umelipa kuliko yule aliyenunua dumu la lita tano kwa mkupuo. Kina mama wanalijua hilo vizuri kuliko mchumi yeyote. Ila pesa ya dumu hawana siku moja, na hata siku wakiwa nayo wengi hawalinunui, kwa sababu dumu likikaa jikoni linatumika ovyo, majirani wanaomba, na siku ya dharura mafuta hayageuki nauli ya hospitali. Wanachonunua kwa ile nyongeza ya bei ni uhuru wa kupanga siku yao wenyewe, pamoja na kitu kingine kikubwa zaidi, nacho ni nafasi kwenye daftari.

La Baba Mdogo lilikuwa kaunta buku la kwaya mbili, jalada gumu jeusi lililoshikamana kwa gundi ya viatu. Ukutani alibandika maneno ambayo kila muuza duka Mtanzania anayajua, "Mali bila daftari hupotea bila habari", na pembeni yake karatasi nyingine, "Leo taslimu, mkopo kesho". Hiyo ya pili ilikuwa ya wapita njia. Wenyeji walikuwa na kurasa zao, na hakuandika majina ya kwenye vyeti. Kulikuwa na ukurasa wa Mama Mapacha, wa Fundi Cherehani, wa Mjumbe, wa Nyumba ya Mwembe. Mtu akisema "niandikie", aliandika mbele yake, kwa kalamu, akamsomea kiasi, wote wawili wakakubaliana kabla mzigo haujatoka. Bei ya kuandikiwa ilikuwa ileile ya taslimu, hata senti haikuongezeka. Nusu ya wateja wetu na zaidi walikuwa Waislamu, wasingekubali riba, na wale wasio Waislamu nao waliona ni haki.

Kukopesha kulikuwa na kanuni ambazo hakuziandika popote. Mgeni wa mtaa alianza na kitu kidogo, robo ya sukari au kiberiti, na alivyorudisha ndivyo alivyopanda. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kiasi ambacho Baba Mdogo alikadiria mtu huyo anaweza kukipata kwa wiki moja. Wengine walimwona mchoyo. Mimi nilimwelewa nilipoona kilichompata mama lishe mmoja aliyeuza chapati na maharage karibu na stendi. Mtoto wake alilazwa, biashara ikasimama, na Baba Mdogo kwa huruma akaiacha kanuni yake. Deni likapanda mpaka likajaza ukurasa wake wote. Mtoto alipona. Lakini yule mama akaacha kupita mbele ya duka letu. Akawa anazunguka nyuma ya msikiti ili afike barabarani, mwendo wa ziada na ndoo ya unga kichwani, na mahitaji yake akanunua kwa mwingine, kwa taslimu.

Hapo ndipo wauza duka wengi wanapokosea. Wanasema mtu huyo ni mwizi: pesa ya kununua kwa mwingine anayo, yangu hanilipi. Baba Mdogo aliliona jambo lile kwa namna nyingine. Kwake mama yule alikuwa na aibu, na aibu ndiyo inayowatoa wateja wengi dukani kuliko bei. Akamtuma Mama Mdogo kwenda kumwona, wala hakunituma mimi, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto, na deni la mtu mzima halisemwi na mtoto. Ujumbe ulikuwa mfupi: ukurasa wa zamani tumeupigia mstari, hauongezeki, njoo ununue kwa pesa yako kama zamani, kila Jumamosi leta chochote, hata mia tano. Alirudi. Zile mia tano mia tano zilichukua muda mrefu, na mwenye ukurasa akawa ndiye anayetuletea wateja wapya kutoka stendi.

Namna ya kudai nayo ni elimu. Sikuwahi kumsikia Baba Mdogo akisema "na lile deni?" mbele ya watu. Akitaka kumkumbusha mtu, alimtuma kijana wa dukani amwambie, "Mangi anakusalimu sana." Mtaa mzima ulijua maana ya salamu hiyo, na bado hakuna aliyeweza kusema Mangi kamwaibisha. Mwenye duka anajua siri nyingi kuliko mjumbe. Anajua nyumba ipi wiki hii inakula uji mchana, nani amenunua kipimo cha mimba, mume gani ananunua soda mbili jioni na kuzipeleka nyumba isiyo yake. Siku atakapofungua mdomo, hata akiuza sukari bure hawatamfuata.

Mzani nao ulikuwa umeelekezwa kwa mteja, sahani upande wetu, mshale upande wake. Wakala wa Vipimo wana kazi ya kukagua mizani ya biashara na kuithibitisha, na ni kazi muhimu sana, lakini mkaguzi hayuko dukani saa moja usiku. Aliyepo ni mama mwenye kopo lake nyumbani, ambaye anajua kilo ya mchele inafika wapi kwenye kopo hilo. Ukimpunja mara moja, anajua. Baba Mdogo alipima mpaka mshale ukatulia, kisha akatupia kidogo juu. Nairobi hiyo wanaiita nyongeza, na mama mboga wa kule amekwenda mbali zaidi yetu, kwani ukinunua sukuma wiki anakukatia papo hapo, nyembamba kama unavyopenda, huku anakuuliza mtoto ameanza shule lini. Ukifika nyumbani umechoka, unabandika sufuria tu. Sijaona sokoni huduma inayomfaa mfanyakazi wa mjini kuliko hiyo.

Wengi hawajui kwamba muuza duka mwenyewe naye ni mkopaji. Baba Mdogo alikwenda Kariakoo mara mbili kwa wiki, na kwenye maduka mawili ya jumla alichukua mzigo kwa mali kauli. Anabeba katoni za sabuni na mifuko ya sukari leo, anauza, analeta pesa safari ijayo. Hakuna karatasi ya benki wala dhamana ya nyumba, isipokuwa neno lake. Kwa hiyo ukurasa wa Mama Mapacha ulikuwa umefungwa kwa kamba moja na daftari la mfanyabiashara wa Kariakoo. Tandika wakichelewa kulipa, Kariakoo inasubiri. Ikisubiri sana, mzigo hautoki, na wiki inayofuata duka lina chumvi na viberiti tu.

Jambo hilo haliwapati wadogo peke yao. Nakumatt ilikuwa fahari ya Kenya, kampuni ya nyumbani iliyoanzia kwenye biashara ya magodoro Nakuru na kukua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite ya Tanzania, Waafrika Kusini walipoamua kuondoka. Mwaka uliofuata Uchumi, kampuni nyingine ya Kenya, ikafunga matawi yake Tanzania na Uganda. Nakumatt nayo ikashindwa kuwalipa wanaoiletea bidhaa, wakaacha kuleta, na rafu zikaanza kubaki wazi. Wateja waliokuwa wakijivunia kwamba ni duka lao wakaondoka. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe moja kwa moja. Sisemi kina Mangi ndio walioyaua maduka hayo makubwa. Yalikuwa na matatizo yake. Ninachosema ni kwamba kuwa mzawa peke yake hakumfungi mteja. Tunapowaambia watu "nunua cha nyumbani" tusidhani tumemaliza kazi. Mtu hawezi kupika uzalendo.

Hata hivyo rafu tupu si lazima zimfukuze mteja, na hilo nalijua kutoka kwa mama yangu. Mimi nilizaliwa Tanga mwaka 1983, tukiishi Ngamiani. Kila mwenye umri wa kukumbuka anajua miaka ile ilivyokuwa: sukari, sabuni, mafuta ya kula, vyote foleni, na mwaka huohuo serikali ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ikaanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Kabla ya hapo, mwaka 1976, kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, kisha operesheni ikasimamishwa baada ya watu kukosa mahitaji. Muuza duka wa zama hizo alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee wa Kipemba mwenye duka dogo. Sukari ikifika, ilikuwa kidogo, na walikuwepo watu wenye pesa waliotaka kuichukua yote kwa bei ya kuruka. Mzee hakuwapa. Aliigawa robo robo kwa nyumba zenye mzazi au mgonjwa, kwa bei iliyopangwa. Mama, akiwa na mimi mgongoni, alipewa robo yake chini ya mfuko wa chumvi ili asigombaniwe njiani. "Mwanangu, uji wako wa kwanza wenye sukari ulitoka kwa yule mzee," ananiambia mpaka leo. Vitu viliporudi madukani, baada ya serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kuanzia 1984, Ngamiani ilijaa maduka mazuri. Mama hakuhama. Alinunua kwa mzee yule, kisha kwa mwanawe, mpaka duka lilipofungwa.

Leo mkopo umeingia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na sasa zipo huduma kama Fuliza ya Kenya na Songesha ya kwetu, ambazo zinakujazia pesa ukipungukiwa wakati wa kulipa. Zimewasaidia watu wengi na sizibezi. Lakini zina ada. Halafu pesa yoyote ikiingia kwenye simu yako, deni linakatwa hapohapo, iwe ilikuwa ya ada ya mtoto au ya rambirambi. Mangi anasubiri uamue mwenyewe lipi litangulie, na ndiyo maana watu wenye simu za kukopea mkononi bado wanasema "niandikie".

Ukitaka kuipima imani hiyo, tazama Desemba. Wachaga na sisi Wapare tunapanda mabasi kwenda kwetu, na maduka kibao ya Dar es Salaam yanafungwa wiki mbili, au anaachiwa kijana asiye na ruhusa ya kukopesha. Wapemba nao Idi ikikaribia wanapanda boti. Mshauri yeyote wa biashara angesema huo ni wazimu, kufunga wakati watu wana pesa. Wateja wanalalamika, wanakwenda kwa mwingine, mwingine naye anawakaribisha kwa bashasha. Halafu inakuja Januari: ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba, mifuko imekauka. Yule mwingine hawajui. Mangi akishafungua mlango wake tu, wote wanarudi, na wengine wanarudi na deni la Novemba mkononi, maana wanajua bila kulilipa hawataandikiwa la Januari.

Mwaka 2011 mgongo ulimsumbua Baba Mdogo hata kunyanyua gunia akashindwa, akaamua kuuza. Mnunuzi alitoa kilemba cha fremu, akalipia friji, mzani, rafu na mzigo uliokuwamo kwa bei ya jumla. Daftari alilikataa, kwa kuwa hakuona sababu ya kununua madeni ya watu asiowajua. Baba Mdogo hakumlaumu. Alilichukua akaenda nalo nyumbani, na kwa miezi kadhaa tukawa tunapokea wageni jioni, mmoja na elfu mbili, mwingine na mchele wa kijijini kufidia alichobakiza. Si wote waliokuja. Wapo waliofurahi kwamba duka limeuzwa, na nawakumbuka.

Mwenye duka mpya alipaka rangi, akashusha bei ya sukari na unga, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa kwamba hakopeshi mtu. Mwanzoni watu waliingia kwa ajili ya bei. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anauza vocha na soda kwa wapita njia, na nyumba za jirani zilishahamia maduka mengine mawili. Siku moja alikuja kumwona Baba Mdogo, akamwamkia, akakaa kimya muda, kisha akauliza yule kijana aliyekuwa akiuza naye yuko wapi. Kijana alikuwa Mbagala, kwenye duka la mtu. Alimfuata huko, akamwongezea mshahara, na akakubali sharti lake la kuruhusiwa kuwaandikia watu anaowajua, kwa kiasi watakachopanga wao wawili kila mwezi. Duka lile lipo hadi leo, na bei zake si za chini kuliko za majirani.